Kibao Kinasema "Bila Kemikali": Tathmini ya Duka Moja la Sabuni Langoni, Lamu

Ukitoka Usita wa Mui upande wa Langoni na kuingia kichochoro kinachopanda juu, kile ambacho punda wawili wenye mizigo hawawezi kupishana, utakuta duka la mlango mmoja lenye rafu za mbao, harufu ya mlangilangi, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya buluu: "Sabuni na dawa za usafi za asili. Bila kemikali." Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua hapo mahitaji ya nyumba ndogo ya wageni ambayo familia yetu inaiendesha Mkomani, nyumba ya vyumba sita, na kabla ya kazi hii nilifundisha kemia katika shule za upili kwa miaka 22. Kwa hiyo niliingia dukani na macho ya watu wawili: mmoja anayelipia usafi kila mwezi na kutaka shuka zitoke nyeupe, na mwingine aliyezoea kusahihisha madaftari, ambaye kibao kile kilimwasha kama upupu.

Nianze na kibao. Hakuna sabuni isiyo na kemikali, kama vile hakuna mkate usio na unga. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na tui la nazi lina kemikali za aina nyingi kuliko chupa yoyote iliyopangwa katika rafu zile. Duka lenyewe ni zuri, na nitaeleza kwa nini. Kibao ndicho cha uongo, na ubaya wa uongo huo si kwamba unamdanganya mteja tu, bali kwamba unaficha jambo linalolifanya duka listahili sifa. Maswali ya maana ni mengine kabisa: ni kemikali gani zilizotumika, zimetengenezwa kwa kutupa taka kiasi gani, zinaweza kumdhuru anayezishika, na zikishapita bombani zinakwenda kuwa nini.

Maswali hayo ndiyo kemia ya kijani. Jina hilo lilienea Marekani katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 Paul Anastas, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la serikali la kulinda mazingira, pamoja na mwanakemia John Warner, waliziandika kanuni 12 ambazo hadi leo ndizo zinazofundishwa. Ya kwanza inasema ni afadhali kuzuia taka isizaliwe kuliko kuisafisha ikishazaliwa. Mtu asidhani kwamba ni kemia ya majani na maua, au ya kuweka chujio kwenye bomba la moshi la kiwanda baada ya uharibifu kutokea. Ni namna ya kubuni kitu tangu mwanzo ili sumu na taka zisihitajike. Sitazitaja kanuni zote hapa, maana nyingine zinahusu viwanda vya dawa na mafuta ambavyo hatunavyo, lakini kadhaa kati yake zimekaa waziwazi katika rafu za duka hili, na nyingine zimevunjwa humohumo.

Mkaazi wa Lamu ana sababu ya kujali ambayo wa mjini Nairobi huenda asiione haraka. Maji ya kufulia kwetu hayapotei ardhini. Yanatoka uani, yanaingia katika mtaro wa wazi, yanapita mbele ya baraza la jirani, punda mwenye kiu anayaonja njiani, kisha yanashuka hadi ufukweni na kuingia katika bahari ileile tunayovulia. Ukimwaga kitu asubuhi, huna haja ya darubini kujua kinakokwenda; unaweza kukifuata kwa miguu.

Sasa sabuni, ambayo ndiyo fahari ya duka. Ni mche mzito, mweupe wenye kuelekea umanjano, unaouzwa shilingi 150 kwa gramu 120 hivi. Mwenye duka, msichana ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha mama yake, aliniruhusu kumtazama akiipika nyuma ya duka, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alipima kostiki soda kwa mizani ya dhahabu, ile ndogo ya masonara, akaimimina katika maji na si maji katika kostiki, akavaa glavu na miwani, akasubiri joto lipungue ndipo akachanganya na mafuta ya nazi. Kwa kila kilo 1 ya mafuta ya nazi, takriban gramu 183 za kostiki zinatosha kuyageuza yote kuwa sabuni. Yeye hupima gramu 174, ili asilimia 5 hivi ya mafuta ibaki bila kugeuzwa na kostiki yote iishe kazi yake. Kisha miche hukatwa na kupangwa rafuni wiki nne ikikauka. Huyu ndiye mtu anayeandika "bila kemikali" mlangoni.

Katika mmenyuko huo, mafuta na kostiki huungana na kutoa vitu viwili tu: sabuni na gliserini. Viwanda vikubwa huitenga gliserini kwa maji ya chumvi na kuiuza kando. Yeye huiacha ndani ya mche, na hiyo ni sababu mojawapo ya sabuni yake kuwa laini mkononi. Maana yake ni kwamba karibu kila atomu iliyoingia sufuriani hutoka ikiwa ndani ya bidhaa. Mwaka 1991 Barry Trost wa Marekani alikipa kipimo hiki jina la uchumi wa atomu, na mfano ninaoupenda kuueleza ni wa fundi wa kanzu: mafundi wawili wanaweza kushona kanzu zinazofanana, lakini mmoja akaacha chini ya cherehani vipande vinavyotosha kanzu nyingine. Aibuprofeni, dawa ya maumivu tunayoinunua katika kila duka la dawa, kwanza ilitengenezwa kwa hatua sita, na asilimia 40 tu ya atomu zilizotumika ndizo zilizoingia katika dawa. Njia mpya iliyoanza kutumika viwandani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ina hatua tatu, na kiasi hicho kimepanda hadi asilimia 77. Mgonjwa haoni tofauti yoyote katika kidonge. Tofauti yote iko chini ya cherehani.

Nisiipambe sabuni hii kupita kiasi. Mafuta ya nazi yanatoka pwani yetu wenyewe na mnazi huzaa tena, na hiyo ni kanuni nyingine iliyotimizwa, ya kutumia malighafi inayojirudisha. Kostiki haitoki hapa. Inatengenezwa mbali, kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, kazi inayokula umeme mwingi na ambayo kwa miongo mingi viwanda vingine viliifanya kwa kutumia zebaki. Kwa hiyo usafi wa mche huu hauanzii Langoni, na anayeuza hapaswi kusema kana kwamba unaanzia Langoni.

Jaribio langu kubwa lilikuwa la maji ya bahari. Nilichota ndoo gatini maji yakiwa yamejaa, nikayagawa katika beseni mbili uani, nikachukua mche huu na mche wa kawaida wa kufulia unaouzwa kila duka, nikasugua kitambaa kilekile kilichokatwa mara mbili. Katika beseni ya mche wa kawaida palitokea vibonge vyeupe vinavyoelea, kama maziwa yaliyokatika, na kitambaa kikatoka na utando wenye kunata. Katika beseni ya mche wa nazi palitokea povu. Si jingi kama la maji ya pepo, yaani maji matamu, lakini povu la kweli, na doa la mchuzi likaondoka. Sababu ni urefu wa molekuli. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauri, yenye kaboni 12, wakati mafuta ya mawese na ya wanyama yamejaa molekuli za kaboni 16 na 18. Chumvi huifukuza sabuni ya molekuli ndefu kutoka majini, lakini ile fupi huvumilia. Mabaharia wa zamani waliijua tofauti hii bila kuhesabu kaboni, na sabuni ya nazi ikaitwa sabuni ya baharini. Kwa mji ambao visima vyake vingi vina maji ya chumvichumvi, na ambao maji matamu tunayategemea kutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, sabuni inayofua bila kudai maji matamu mengi ni jambo kubwa kuliko harufu ya mlangilangi.

Dosari zake ni mbili. Ya kwanza ni ukali. Mama anayetufulia alilalamika baada ya wiki mbili kwamba mikono yake inakwaruza, na ni kweli: sabuni ya nazi tupu husafisha mno, hadi mafuta ya ngozi yenyewe. Asilimia 5 ya mafuta yaliyoachwa inatosha kwa nguo. Kwa sabuni ya kuogea ingefaa aache hata asilimia 20, au achanganye na mafuta mengine, naye huuza mche uleule kwa kazi zote mbili. Ya pili ni kwamba mapishi hayafanani. Nina karatasi za kupimia pH, kipimo kinachopanda kadiri ukali wa kostiki unavyozidi, zilizobaki tangu siku za shule, na miche mingi niliyoipima ilikuwa kati ya 9 na 10, kama sabuni yoyote ya kweli inavyopaswa kuwa. Mche mmoja wa mwezi wa kwanza ulikuwa na mabaka meupe, ukapita 11, na ulimi haukuhitaji karatasi kujua kwamba kostiki ilikuwa imebaki. Niliurudisha. Aliupima mwenyewe mbele yangu, akanyamaza kidogo, akatoa mapishi yote ya siku ile rafuni na kunirudishia pesa bila ubishi. Wauzaji wangapi wangefanya hivyo?

Sabuni ya maji ya vyombo ni hadithi nyingine. Ni nzito, inang'aa, ina povu la kutisha, na mtu aliyewahi kuchanganya sabuni huona mara moja kwamba povu la namna ile halitoki kwa nazi na ndimu. Nilimuuliza.

"Mwalimu, usinipandishe mahakamani," akasema akicheka. "Mna slesi humo."

Slesi ndilo jina ambalo wauzaji wa malighafi huliita povu hilo la kiwandani, na jina lake refu ni sodiamu lauri-etha salfeti. Ni kilekile kilichomo katika sabuni ya maji ya sokoni inayouzwa kwa bei ya chini kuliko shilingi 350 anazotoza yeye kwa lita. Kwangu hilo si kosa la kemia. Slesi huoza majini kwa haraka ya kuridhisha, na sehemu yake kubwa inaweza kutengenezwa kutokana na mafuta ya nazi au ya mawese. Kosa ni la karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, inayotaja ndimu, mwarobaini na "mafuta ya asili" na kuiruka slesi kama vile mgeni anavyoruka mtaro.

Kuoza kwenyewe ni kanuni ya kumi, na ina historia inayofaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na mapovu kwa sababu sabuni za unga za wakati ule zilikuwa na molekuli zenye matawi, ambayo bakteria hawakuweza kuyatafuna. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia katikati ya muongo huo viwanda vilikuwa vikihamia molekuli zilizonyooka, zinazosafisha vilevile lakini zinazoliwa na bakteria. Sisi watu wa vyombo vya baharini tuna mfano ulio karibu zaidi. Rangi za chini ya meli zilizotiwa tributilitini zilizuia viumbe vya baharini visigande kwenye mbao na chuma, tena kwa muda mrefu, lakini sumu hiyo ilibaki majini na matopeni, na ikawafanya konokono wa baharini majike kuota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kampuni ya Rohm and Haas ilikwisha kupata tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani kwa kiambato cha rangi hizo kilichoitwa Sea-Nine, kinachovunjika haraka baharini. Deheni ya wazee wetu, chokaa na mafuta yaliyokandwa pamoja na kupakwa chini ya jahazi, ilidai kurudiwa mara kwa mara na kuwachosha mafundi, lakini haikumwachia mjukuu deni lolote matopeni.

Rafu ya chini ina chupa za siki iliyolowekwa maganda ya ndimu, shilingi 200, na hapa ninatoa sifa na lawama kwa pumzi moja. Kwa ule ukoko mweupe unaoziba mabomba ya kuogea kwa sababu ya maji yetu ya visima, siki ya namna hii inatosha kabisa: uiache nusu saa, usugue, umalize. Tangu niinunue nimeacha kuingiza nyumbani asidi kali ya kusafishia choo, na nina sababu. Miaka miwili iliyopita kijana wetu wa kazi alimwaga asidi ile katika choo ambacho alikuwa amekwisha kukitia dawa ya klorini ya kung'arishia. Hakusoma, na hata angesoma, maandishi yalikuwa madogo kama mchanga. Alitoka akikohoa, macho yakimtiririka, tukamkalisha barazani kwenye upepo hadi adhana ya adhuhuri ndipo kifua kikatulia. Gesi iliyotoka ni klorini, ileile iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kanuni ya mwisho kati ya zile 12 inataka tuchague vitu ambavyo, hata mtu akikosea, kosa halitamuua, na siki iko karibu na kanuni hiyo kuliko asidi ya choo. Iko karibu, lakini haijafika: siki nayo ni asidi, na ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ileile, ingawa kwa unyonge. Chupa ya duka hili haina onyo hilo hata kwa neno moja. Mtu anayeamini kwamba ameshika kitu "bila kemikali" ndiye atakayekichanganya na chochote bila kuogopa.

Lawama ya pili niliipata ukutani. Nikisafisha bomba la chumba cha juu, matone machache yaliangukia ukingo wa kidaka, kile kishubaka cha ukutani, chokaa ya zamani, laini kama ngozi ya yai. Pakasikika mchirizo mdogo, vipovu vikatoka, na nilipopangusa pakabaki kijishimo cheupe cha upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nilikitazama kwa haya, kwa sababu mwalimu wa kemia ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kushangaa. Chokaa ya kuta zetu ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote huila. Ni kuta zilezile zilizoufanya mji huu uingizwe katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na maelekezo ya chupa yanasema siki hii "inafaa kila mahali".

Ukuta huo wenyewe ungefaa kuwa somo la kwanza katika darasa la kemia ya kijani. Jiwe la matumbawe huchomwa tanuuni hadi nyuzi 900 hivi za selisiasi, hewa ya kaboni dioksaidi ikatoka, likabaki chokaa kali. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji, ikakandwa, ikapakwa. Kisha kwa miezi na miaka ukuta huivuta tena hewani kaboni dioksaidi iliyotoka katika jiwe, hadi unarudi kuwa jiwe. Ni mzunguko mzuri sana. Haufuti moshi wa kuni zilizochoma tanuu, wala haurudishi matumbawe yaliyovunjwa, kwa hiyo tusiugeuze kuwa utenzi. Lakini mtu anayeuza dawa ya usafi katika mji wa chokaa angepaswa kuandika kwa herufi kubwa: usitumie ukutani.

Pamoja na siki unapewa kijikaratasi kinachokushauri uichanganye na magadi ya kuumulia mikate "ili kuongeza nguvu". Mchanganyiko huo hauongezi chochote. Asidi na magadi hubatilishana, povu linapendeza macho, na kinachobaki katika ndoo ni maji yenye chumvi dhaifu. Tumia siki peke yake kwa ukoko, magadi peke yake kwa mafuta ya jikoni.

Bidhaa niliyojutia kabisa ni mafuta ya mlango, mafuta ya nazi yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki, shilingi 600 kwa kopo dogo. Niliyapaka mlango wetu wa nakshi kwa siku nzima, kwa kitambaa na mswaki, nikiingia katika kila petali ya kila ua. Baada ya wiki tatu nilipitisha kidole. Kikatoka na mafuta. Vumbi la kichochoro lilikuwa limejaa katika nakshi zote, na mlango uliokuwa wa kahawia ukawa na ndevu za kijivu. Mafuta hukauka kuwa utando mgumu kama yana vifungo pacha vingi vya kushikana na oksijeni ya hewa. Wanakemia huvipima kwa iodini, kwa gramu zake zinazomezwa na gramu 100 za mafuta, na mafuta ya nazi hupata takriban 10 wakati ya kitani hupita 170. Mafuta ya nazi hayatakauka leo wala kesho. Sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, inanuka hadi Matondoni, lakini angalau hushika mbao. Kitu kinachoitwa cha kijani ambacho hakifanyi kazi yake ni taka iliyochelewa kutupwa, na pia kimenilazimu kununua tapentaini ya kukiondoa, ambayo sikuwa nikiihitaji. Mwenye duka alinijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Labda milango yao haina nakshi.

Dawa ya mbu ya mwarobaini nitaipita upesi: inanuka vibaya, na kwangu ilifanya kazi chini ya saa mbili. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na jawabu bora, birika la maji la bafuni lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mabawa. Ukisoma tena kanuni ya kwanza, utaona kwamba wale samaki waliielewa.

Huduma ninayoitumia kuliko zote si bidhaa. Ukija na chupa yako unajaziwa sabuni ya maji au siki kwa shilingi 100 pungufu kwa lita, na kwa nyumba yetu hilo limeondoa chupa tupu karibu zote zilizokuwa zikijaa uani kila mwezi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwezi Agosti 2017, tumekuwa tukijisifu kana kwamba kazi imekwisha, huku chupa zikiendelea kuelea gatini. Hapa kuna mtu aliyelipunguza tatizo kwa faneli na ndoo yenye bomba. Ila wateja huja na chupa za soda na za maji ya kunywa, naye huzijaza bila kubandika kitu. Siki ya rangi ya chai katika chupa ya soda, sakafuni, katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu: sihitaji kumalizia. Nilimpelekea karatasi ya kubandika na kalamu isiyofutika, na safari iliyofuata nilikuta chupa zina majina. Bado hazina maonyo.

Tuliongea kuhusu kibao pia.

"Mwanangu, kostiki unayopima kwa mizani ya sonara, ni nini kama si kemikali?"

"Najua, mwalimu. Lakini mteja akiliona neno kemikali hukimbia."

"Na ukiandika vilivyomo, kimoja kimoja, na kila kimoja kinafanya nini?"

"Nani atasoma?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana nimefundisha miaka 22 na najua ni wangapi husoma. Nilimwambia tu kwamba karatasi inayosema "mafuta ya nazi, maji, kostiki iliyokwisha kugeuka yote kuwa sabuni, gliserini iliyoachwa ndani" ingeniuzia mimi miche kumi, na ingenizuia kumwandika vibaya.

Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa kwa sala ya adhuhuri na kurudi saa kumi, na Ijumaa usihangaike kwenda kabla ya jioni. Nenda na chupa yenye kizibo kinachobana, na chenji, kwa sababu ya kwake huisha mapema. Mafuta ya mlango yaache rafuni. Miche ya mwezi uliopita ilikwisha kabla sijafika, na mapishi mapya yalikuwa bado yanakauka katika wiki yake ya tatu; ameniwekea miche sita kando, jina langu likiwa juu yake kwa ile kalamu isiyofutika, na tarehe ya kupikwa chini ya jina.